Maxville, Oregon: mji wa magogo uliojengwa ili uhamishwe

Kati ya 1923 na 1933, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Oregon nchini Marekani, kulikuwa na mji wa wakata miti ulioitwa Maxville. Ulikuwa msituni, kilomita ishirini na kitu kaskazini mwa mji mdogo wa Wallowa. Ulipofikia kilele ulikuwa na wakazi wapatao 400, na kati yao 40 hadi 60 walikuwa Wamarekani weusi, wanaume na familia zao, waliotolewa majimbo ya kusini kuja kukata misonobari. Ulidumu miaka kumi tu. Leo pale pana uwanda wa nyasi, alama za tuta la reli, na historia ya jengo moja la magogo lililokuwa ofisi ya kampuni.

Miji ya aina hii huelezwa kwa sentensi moja: miti iliisha, watu wakaondoka. Kwa Maxville maelezo hayo hayatoshi. Misitu ya kaunti ya Wallowa iliendelea kukatwa kwa miongo mingi baada ya 1933, na mpaka leo ardhi inayozunguka eneo hilo ni ya misitu. Kilichokwisha ni ule mpangilio wa reli, mishahara na nyumba uliowafanya watu 400 walale katikati ya msitu. Ukiuangalia mpangilio huo kipande kwa kipande utaona kwamba Maxville ilikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, ingawa hakuna aliyeiandika.

Ardhi na reli kwanza

Bonde la Wallowa lilikuwa nchi ya Wanez Perce, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, wa kundi la Chifu Joseph. Mkataba wa 1863 uliikata ardhi hiyo kutoka kwao bila kundi hilo kutia sahihi. Mwaka 1877 jeshi lilipowalazimisha kuhama vita vikazuka, na mwezi Oktoba Joseph akajisalimisha Montana. Walipelekwa mbali hadi Oklahoma, na walioruhusiwa kurudi kaskazini-magharibi mwaka 1885 hawakurudishiwa Wallowa. Walowezi wakachukua bonde kwa ng'ombe na ngano. Misitu ya vilimani ilibaki karibu bila kuguswa kwa sababu moja ya kawaida kabisa: gogo ni zito na barabara hazikuwapo.

Reli ilifika bondeni mwaka 1908. Kuanzia hapo mbao za Wallowa zikawa na njia ya kufika sokoni, na swali likabaki ni nani mwenye mtaji wa kutandika njia ndogo za reli kutoka kiwandani hadi ndani ya msitu. Aliyekuja na mtaji huo kwa upande wa Maxville ni kampuni ya Bowman-Hicks, ya jimbo la Missouri. Hili la Missouri lina uzito wake. Mitaji ya mbao ya Missouri ilikuwa imekula misonobari ya kusini kwa miaka mingi, hasa Louisiana na Arkansas: unanunua msitu, unajenga kiwanda na kambi, unakata mpaka hesabu isilipe, unang'oa reli na kusonga mbele. Misitu ya kusini ilipopungua, mitaji hiyo ikatazama magharibi. Haikuja na fedha tu. Ilikuja na utaratibu wa kambi na ubaguzi wake, na pia na wafanyakazi wenye ujuzi.

Wakata miti weusi katika jimbo lililowakataza

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na kambi nyingine za magogo za wakati huo. Oregon ilikuwa na sheria za kuwazuia watu weusi tangu 1844, enzi ya serikali ya muda ya walowezi. Katiba ya 1857 ilikataza mtu mweusi asiyekuwa tayari mkazi kuishi jimboni, kumiliki mali isiyohamishika au kufunga mkataba. Oregon ilipoingia katika muungano mwaka 1859, ilikuwa jimbo pekee lililokubaliwa likiwa na kifungu cha namna hiyo ndani ya katiba yake. Marekebisho ya katiba ya taifa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalikiondolea nguvu, lakini maneno yalibaki kwenye karatasi hadi wapiga kura walipokifuta mwaka 1926. Mabaki ya lugha ya kibaguzi yaliondolewa kwa kura ya 2002, na hata wakati huo zaidi ya robo ya waliopiga kura walisema hapana.

Kwa hiyo Maxville ilipoanzishwa mwaka 1923 kifungu kilikuwa bado kimo. Sensa ya 1920 ilikuta watu weusi elfu mbili na mia kidogo katika jimbo zima, wengi wao Portland. Mwaka 1922 Walter Pierce, aliyeungwa mkono na Ku Klux Klan, chama cha siri cha weupe wabaguzi, alichaguliwa gavana. Katika La Grande, mji wa reli na mbao wa kaunti jirani, kulikuwa na tawi la Klan lenye wanachama wa kutosha kuweka kumbukumbu za vikao, na kumbukumbu hizo zimesalia.

Kwa nini basi kampuni iwalete? Jibu ni ujuzi na hesabu. Wanaume hawa walikuwa wamekata misonobari kusini kwa miaka. Walijua msumeno, reli ya msituni, na namna ya kupakia gogo bila kuua mtu. Kufundisha mkata miti kutoka sifuri kuna gharama, na gharama yake kubwa ni ajali. Nao walikuwa na sababu zao za kuondoka: mishahara ya kusini, deni la duka la kampuni lisilokwisha, na vurugu za kuua watu hadharani. Lafayette Trice, aliyeitwa Lucky, alifika mwaka 1923 akiwa kijana kutoka Pine Bluff, Arkansas, pamoja na baba yake. Wapo waliosafiri ndani ya mabehewa ya mizigo.

Simulizi za wenyeji zinasema watu wa Klan waliwahi kufika Maxville, na msimamizi wa kampuni, J. D. McMillan, akawafukuza. Tukio hilo husimuliwa kama ushujaa, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini usisahau upande wa biashara: msimamizi aliyeacha wakata miti wake watishwe hadi watoroke angebaki na magogo yamelala msituni na kiwanda kimesimama.

Gogo moja, kutoka kisikini hadi behewani

Mti uliotafutwa zaidi ulikuwa msonobari wa ponderosa: shina nyoofu, gome la rangi ya chungwa kwa miti mizee, mbao nyepesi kufanyia kazi ya madirisha, milango na masanduku. Msumeno wa injini haukuwapo. Kazi ilikuwa ya watu wawili na msumeno mrefu wa kuvutana, futi sita au saba.

Wanaanza kwa kuamua uelekeo wa kuanguka: mti unaegemea wapi, matawi mazito yako upande gani, upepo, na kuna nini chini kitakachovunja gogo. Upande wa kuangukia hukatwa mdomo, yaani pengo lenye umbo la kabari, robo hadi theluthi ya kipenyo. Kisha hugeuka upande wa nyuma na kuvuta msumeno juu kidogo ya usawa wa mdomo, wakipigilia kabari za chuma nyuma ya msumeno ili mkato usiufunge. Hawakati mpaka mwisho. Ukanda wa mbao huachwa kati ya mikato miwili ufanye kazi ya bawaba, na bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti.

Makosa yenyewe yanajulikana. Ukikata bawaba yote, mti haushikwi na kitu: unajizungusha, au unarudi nyuma na kukaa juu ya msumeno. Mdomo ukiwa mfupi mno kwenye mti unaoegemea sana, shina hupasuka kwenda juu kabla mkato haujakamilika, nusu yake ikaruka nyuma kwa nguvu kifuani mwa mkataji. Hili la pili limeua wakata miti wengi duniani, na linaendelea kuua.

Halafu kuna utomvu. Msonobari hutoa utomvu unaonata kwenye chuma mpaka msumeno hauvutiki. Dawa ya wakataji wa magharibi ilikuwa chupa ya mafuta ya taa iliyoning'inizwa karibu, mdomo wake ukizibwa kwa sindano za msonobari zilizobanwa pamoja, hivyo ukiitikisa inanyunyiza matone badala ya kumwaga. Aliyepasua msonobari Sao Hill, Tanzania, au Elburgon, Kenya, atalielewa tatizo bila kuelezwa.

Mtu muhimu ambaye picha za kambi humsahau ni mnoaji. Msumeno wa aina hii una meno ya kukata, yanayochora mistari miwili kwenye mbao, na meno ya kukwangua, yanayong'oa kilicho katikati ya mistari. Meno ya kukwangua lazima yawe mafupi kuliko ya kukata kwa chini ya nusu milimita. Yakizidi urefu, msumeno unakuwa mzito na unavuta vibaya. Yakipungua sana, unatoa unga na kazi haisogei. Msumeno ulionolewa sawasawa hutoa nyuzi ndefu za mbao, na mkataji aliyelipwa kwa kiasi alichokata aliweza kusoma mshahara wake wa siku kwenye nyuzi hizo.

Kiasi hicho kilipimwa kwa futi-ubao: ubao wa futi moja kwa futi moja, unene inchi moja. Gogo la msonobari kwa kawaida hukatwa futi 16 pamoja na inchi chache za ziada za kusawazishia ncha. Mpimaji huchukua kipenyo cha ncha nyembamba, bila gome, na kusoma jedwali. Kwa jedwali la Scribner, lililotumika sana Marekani, gogo la futi 16 lenye ncha ya inchi 20 ni futi-ubao 280. La inchi 24 ni 404, karibu mita moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa. Tofauti ya inchi nne inaongeza zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo namna mpimaji anavyoiweka rula, na kiasi anachopunguza kwa sababu ya kuoza au kupinda, ni pesa ya mtu. Katika kambi yoyote ya magogo ugomvi mkubwa wa malipo huzaliwa hapo, na asiyeruhusiwa kubishana na mpimaji hupoteza.

Baada ya kukatwa, gogo liliburutwa hadi kando ya reli. Mashariki ya milima ya Cascade, upande wa Maxville, kazi hiyo ilifanywa sana na farasi. Kwenye reli, magogo yaliinuliwa kwa koleo kubwa za chuma. Mfungaji koleo, kazi ambayo watu weusi wa Maxville waliifanya pamoja na kukata, kupakia na kujenga reli, huziuma kwenye gogo karibu na katikati ya uzito. Akikosea, gogo linainuka upande mmoja na kuzunguka, na aliye juu ya behewa akilipanga hana pa kukimbilia.

Haraka nayo ilikuwa lazima. Gogo bichi la msonobari likilala msituni kwenye joto kwa wiki chache huingiwa na ukungu unaoupaka ubao rangi ya bluu. Nguvu ya mbao haipungui sana, lakini bei ya daraja la madirisha inaanguka. Ndiyo maana reli ilitakiwa ifike karibu kabisa na mkataji, na kiwanda cha Wallowa kilitakiwa kulishwa mfululizo.

Reli za msituni hazikujengwa kama reli kuu. Mataruma yalilazwa karibu moja kwa moja juu ya udongo, kokoto kidogo au hakuna, miinuko mikali ambayo treni ya abiria isingeijaribu. Kipande cha msitu kikiisha, reli ziling'olewa na kutandikwa mbele. Jambo hilo hilo lilihusu nyumba. Katika ukataji wa aina hii, vyumba vya wafanyakazi vilijengwa kwa vipimo vinavyoruhusu kuinuliwa na kuwekwa juu ya behewa. Mtu alikuwa na paa na jiko, lakini hakuwa na kiwanja.

Pande mbili za reli

Maxville ilikuwa na duka na posta. Ilikuwa pia na shule mbili, moja ya watoto weupe na moja ya weusi, jambo geni katika jimbo ambalo halikuwa na watoto weusi wa kutosha kuwatengea shule karibu popote pengine. Nyumba za weusi zilitengwa na za weupe. Kulikuwa na timu mbili za besiboli, ila ilipokuja mechi dhidi ya miji mingine wachezaji waliunganishwa, kwa sababu kushinda kulikuwa na thamani kuliko mstari wa rangi.

Wazee waliokulia pale wamesimulia watoto wa pande zote wakicheza pamoja, na majirani wakisaidiana wakati wa theluji. Hatuoni sababu ya kuzikataa kumbukumbu hizo. Hata hivyo zisitumike kufunika muundo. Mji uliomilikiwa wote na mwajiri mmoja ulichagua kujenga shule ya pili badala ya kuongeza madawati, gharama ambayo hakuna mhasibu angeipendekeza. Ubaguzi ule uliletwa kwa makusudi, ukalipiwa.

Kwa nini 1933

Mbao hufuata ujenzi wa nyumba. Mwaka 1925 Marekani ilianza kujenga nyumba zaidi ya laki tisa. Mwaka 1933 hazikufika laki moja. Uzalishaji wa mbao wa nchi nzima ulishuka kutoka futi-ubao bilioni 36 hivi mwaka 1929 hadi takriban bilioni 10 mwaka 1932. Kiwanda kinachouza theluthi moja ya kawaida hakiwezi kubeba kambi ya watu 400 na reli yake, maana reli hailingani na mshahara: ukiipunguzia magogo, gharama zake hubaki zilezile. Bowman-Hicks ikafunga.

Lakini bei zilirudi baadaye, na Maxville haikurudi. Sababu ni lori. Katika miaka ya 1930 malori ya magogo na matrekta ya minyororo yalizidi kushika nafasi ya reli na farasi. Barabara ya udongo ya lori ni rahisi kuliko reli, inapanda pabaya zaidi, na kubwa kuliko yote, inamrudisha mkataji nyumbani jioni. Mfanyakazi akaweza kuishi Wallowa au La Grande na kwenda msituni alfajiri. Kampuni haikuwa tena na haja ya kujenga shule wala duka katikati ya miti. Kwa maoni yetu mdororo wa uchumi uliifunga Maxville, na lori likahakikisha haifunguliwi.

Baadhi ya familia, zikiwamo za weusi, zilibaki kwa miaka kadhaa baada ya kampuni kuondoka. Hazikuwa na hati yoyote. Mtu asiye na hati hatengenezi paa la nyumba ya mwingine kwa mbao za kununua, na nyumba zisizotengenezwa hazivumilii theluji ya mlimani. Dhoruba ya baridi ya 1946 iliangusha mengi ya majengo yaliyokuwa bado yamesimama. Wengi wa weusi walihamia La Grande na miji mingine, wakaingia kazi za reli, viwanda na usafi. Watoto wao wakakua bila kuambiwa mengi.

Namna historia ilivyookotwa

Gwendolyn Trice, binti wa Lucky, alilelewa La Grande na akajua akiwa mtu mzima kwamba baba yake alikuwa mkata miti wa Maxville. Alianza kurekodi wazee, weusi na weupe, na kukusanya picha zao. Mwaka 2008 akaanzisha Kituo cha Urithi cha Maxville. Utaratibu wake unafaa kuigwa na yeyote mwenye kijiji cha namna hii: mahojiano kwanza, kwa sababu wazee hawasubiri bajeti. Kisha picha. Ardhi ikaja mwisho.

Ardhi nayo husema yasiyoandikwa. Tuta la reli huonyesha mhimili wa mji, na ukiujua mhimili unaweza kutafuta nyumba zilikuwa upande gani. Mashimo ya vyoo ndiyo hazina, kwani watu walitupa humo vyupa, vyombo na vifungo ambavyo hakuna duka la kampuni lililovitunzia orodha. Tatizo ni kwamba eneo hilo lilikuwa la kampuni za misitu. Ili kuchimba au hata kupeleka wageni ulihitaji ruhusa ya mwenye shamba, na uvunaji mmoja wa mashine nzito ungeweza kusawazisha kila kitu kwa siku mbili.

Mwaka 2022 kituo hicho kilinunua ekari 96 zenye eneo la mji wenyewe. Miaka miwili kabla, kabila la Nez Perce lilikuwa limenunua ekari 148 karibu na mji wa Joseph, kwenye bonde lilelile walilofukuzwa mwaka 1877. Katika visa vyote viwili ardhi ilibidi inunuliwe.